Viranja wa bweni: tuwape fimbo au tuwape funguo?

Mlezi_Ujiji

Assalamu alaykum, na wengine wote habari za jioni.

Mimi ni mlezi wa bweni la wavulana katika sekondari moja ya Kiislamu huku Kigoma, upande wa Ujiji. Nafundisha pia Elimu ya Dini ya Kiislamu kidato cha pili na cha tatu. Jina la shule naliacha, maana nitakayoyaeleza yapo shule nyingi.

Mwezi ujao kidato cha nne wanakabidhi uongozi kwa kidato cha tatu ili wajiandae na mtihani wa taifa wa Novemba. Amiri mkuu, yaani kiongozi wa wanafunzi wote, naibu wake, viranja wa mabweni, wa chakula, wa usafi, wa ibada, wa taaluma, wote wanabadilika. Uongozi wa shule umepanga semina ya siku mbili, mgeni kutoka nje, vyeti na beji. Semina sina neno nayo. Kilichoninyima usingizi ni pendekezo lililoletwa kwenye kikao cha walimu, kwamba safari hii viranja waruhusiwe rasmi "kuchapa kidogo" wanaochelewa swala ya Alfajiri na wanaopiga kelele wakati wa prepo, yaani kujisomea usiku, kwa kuwa walimu hatutoshi.

Niwaeleze asubuhi yetu ilivyo, mtaelewa. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi, jua linachelewa kutufikia. Mwezi huu wa Julai Alfajiri inaingia ikikaribia saa kumi na mbili, wakati Dar es Salaam wameshaswali zaidi ya nusu saa nyuma. Lakini mstarini ni saa moja na nusu kama kwingine. Katikati hapo vijana watawadhe, waswali, wasome Qur'ani kidogo, wafagie, wachote maji na wanywe uji. Koki zinazotoa maji ya kuaminika ni tatu. Kwa hiyo ukitaka kumjua kiranja, kasimame pale kwenye koki.

Mimi nimesimama. Kiranja anafika na ndoo mbili, moja yake, nyingine ya rafiki yake. Anaziweka mbele ya foleni bila kutamka neno. Njuka, yaani mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza, aliyekuwa mbele anaivuta ndoo yake nyuma, naye bila kutamka neno. Baadaye kidogo kiranja yuleyule yuko mlangoni mwa msikiti na kipande cha mpira wa baiskeli, na wa kwanza kuchapwa kwa kuchelewa ni njuka yule mwenye ndoo.

Na huyo kiranja si mtoto mbaya. Ana adabu kwa walimu, anahifadhi Qur'ani vizuri, sauti yake ikisoma unatamani asinyamaze. Hadithi ya "kila mmoja wenu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa kuhusu alichokichunga" nimemfundisha mimi, na kwenye mtihani aliieleza bila kukosea.

Ninaomba kwa waliowahi kulea watoto bwenini: tabia ya uongozi mliijenga vipi kwa vitendo? Jumamosi tunakaa kikao tena. Nikisimama kuipinga fimbo ya viranja, niweke nini mezani badala yake?

Mzazi_Kasulu

Ustadh, pole na kazi. Mimi ni mzazi, kijana wangu yuko bweni hukohuko Kigoma mjini. Ada nailipa kwa mahindi na maharage, gunia kwa gunia.

Nitasema wazi. Mtoto wangu nyumbani alikuwa haamki mpaka nimvute mguu. Sisi tumekuzwa kwa kiboko na tumeswali. Kiranja akimgusa mara moja ili awahi swala ya jamaa, mimi sitakuja kulalamika shuleni. Na hizo funguo ulizoandika kwenye kichwa cha habari zinanitia shaka zaidi. Mwanafunzi ameenda kusoma. Akishughulika na kazi za kuendesha shule, kitabu atakishika saa ngapi? Matokeo yakitoka hakuna atakayeuliza kama alikuwa kiranja mzuri. Naomba nijibiwe hilo.

BiMkubwa_Isevya

Wa alaykum salaam mwanangu mlezi. Na wewe mzazi wa Kasulu nitakujibu, subiri nianze na mwalimu.

Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana hapa Tabora mpaka nikastaafu. Sina shahada ya malezi, nilichonacho nimekiona kwa macho yangu, usiku na mchana.

Kwanza hilo la fimbo lisiwachukulie muda kwenye kikao. Kanuni za serikali za adhabu ya viboko, zile za mwaka 2002, zinasema mwenye mamlaka ya kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, viandikwe kwenye daftari, na msichana achapwe na mwalimu wa kike ikiwa yupo. Kiranja hamo humo ndani, wala mlezi asiye na barua. Kikao cha walimu hakiwezi kumpa mtoto kitu ambacho walimu wenyewe hawanacho. Mkumbushe mkuu wako kwa heshima kwamba kijana akiumia, atakayeitwa kujieleza ni yeye.

Sasa la malezi. Mwanangu, cheo kisicho na kitu cha kuhesabiwa kinamharibu mtoto. Ukimwambia "wewe ni kiranja wa bweni, simamia wenzako", umempa watu tu. Hana cha kuonyesha jioni isipokuwa kwamba wanamwogopa. Ndiyo maana anatafuta mpira wa baiskeli. Mpe kitu: stoo, maji, taa, sanduku la dawa, mafagio, chandarua. Kitu kikipungua kinaonekana, kikitunzwa kinaonekana. Na umwambie kabisa kwamba adhabu siyo kazi yake, kazi yake ni kitu kile na kusema ukweli juu yake.

Kwetu kiranja wa chakula alikaa na ufunguo wa stoo. Haukuwa wa maonyesho, ulikuwa ndio ufunguo. Kufuli lilikuwa na funguo mbili, mmoja kwake, mmoja ofisini kwenye bahasha iliyogundishwa na kusainiwa. Jioni, baada ya Alasiri, anafungua, mpishi anapima unga na maharage ya kesho kwenye mizani, yeye anaandika kwenye leja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Na pembeni yake yupo msichana wa kidato cha kwanza, zamu ya wiki, kazi yake kusoma mizani kwa sauti. Hilo la njuka usilidharau. Anayeisoma mizani leo, kesho akiwa kidato cha tatu hawezi kudanganywa wala kudanganya kirahisi.

Kila Ijumaa baada ya Alasiri leja inasomwa mbele ya bweni zima, na yeyote anaruhusiwa kuuliza. Niwasimulie Ijumaa moja.

Kiranja wa chakula mwaka huo alikuwa msichana mpole, mwembamba, sauti yake ya chini. Alipofika kwenye maharage akasimama kusoma. Akanyanyua uso akasema, "Maharage yaliyobaki stoo ni pungufu kuliko ya kwenye leja. Gunia lililofunguliwa wiki hii limepungua kilo nne. Ufunguo ulikuwa kwangu. Sijui yamekwenda wapi." Akafunga leja akaishikilia kifuani. Bweni zima kimya. Wakaanza kunong'ona, wapo waliomtazama mpishi, wapo waliomtazama yeye. Mwalimu mmoja akainama sikioni kwangu, "Mvue ufunguo leo hii." Nikamwambia subiri.

Nikawaambia wasichana: kapimeni upya, yeye, mpishi na wawili mtakaowachagua nyinyi. Wakapima gunia lile, kisha wakapima na magunia ambayo hayajafunguliwa, yenye mshono wa muuzaji. Na yale yalikuwa yamepungua! Mpishi ndiye aliyeelewa, mama wa Kiha yule, amezaliwa kwenye maharage. Akachukua moja akaling'ata, akasema haya yalipokuja yalikuwa hayajakauka, tumenunua na maji ndani yake. Msimu ulikuwa mpya, muuzaji kawahi soko. Maharage yakikauka gunia la kilo mia linapoteza kilo kadhaa hata kama halijaguswa na mkono wa mtu.

Tangu siku hiyo shule ikawa hainunui maharage mpaka msichana wa stoo ayang'ate. Na yeye, yule mpole, wenzake walimpa heshima ambayo beji haiwezi kuileta. Kwa nini? Kwa sababu walimsikia akisema "ufunguo ulikuwa kwangu" kabla hajajua kwamba hana kosa.

Ndiyo maana nasema semina iwe baada, si kabla. Wakishakaa na kazi mwezi mmoja watakuwa na maswali yao, hapo mgeni ana cha kuwasaidia.

Sharti jingine, na hili ndilo gumu: na nyinyi watu wazima msomewe. Mimi nilikuwa na fungu la sabuni na pedi na dawa za maumivu. Ijumaa ileile lilisomwa, shilingi zilizoingia na zilizotoka, na wasichana wakiniuliza. Mhasibu hakupenda, alizoea. Usitegemee mtoto atoe hesabu mahali ambapo mkubwa hatoi.

Kuhusu kuamka, kwetu kila chumba kilikuwa na waamshaji wawili wa wiki, kwa zamu, mpaka njuka. Anayelala leo ndiye muamshaji wiki ijayo, na hilo lilitosha kwa wengi. Wachache waliobaki walikuwa na sababu: malaria, anayelia usiku kwa kukumbuka nyumbani, mwenye njaa. Fimbo haikuambii hayo. Na kwa wenye mabweni ya wasichana naongeza: kiranja marufuku kumuuliza mwenzake kwa nini leo haswali. Hilo ni la matroni peke yake. Nimeona watoto wakidhalilishwa mbele ya wenzao kwa jambo ambalo Mwenyezi Mungu mwenyewe amewapa ruhusa.

Kijana_Kibirizi

Shikamoo Bi Mkubwa. Ustadh, salaam.

Nilisoma bweni la Kiislamu, mkoa mwingine, shule siitaji. Sasa nanunua dagaa hapa mwalo wa Kibirizi na kuwasafirisha.

Ninachoweza kuongeza ni hiki. Wenzangu waliochapwa sana tukiwa njuka ndio waliokuwa wa kwanza kuchapa walipopata cheo. Wala hawakuficha, walisema "zamu yetu sasa". Hakuna mwalimu aliyewafundisha hivyo darasani, walifundishwa na bweni. Kwa hiyo Ustadh, yule njuka mwenye ndoo usimwone kama aliyeonewa tu. Yuko shuleni pale, anasoma somo la uongozi, na miaka miwili ijayo atalifanyia kazi.

Tulikuwa na kiranja mmoja wa ibada tofauti na wote. Alikuwa akipita kitanda kwa kitanda na tochi ameielekeza chini, anakutaja kwa jina lako kamili, la kwako na la baba yako. Kisha anaondoka kwenda kufungua maji ya udhu. Anachota ndoo zinapangwa, ukifika unakuta maji yapo. Hatukuwa tunamwogopa, na mabweni mengine walikuwa wakishangaa bweni letu linafika zima.

Siku hizi nikitafuta wa kumwachia mzani na pesa niende Tabora au Dar, simtafuti anayejua kufokea vibarua. Namtafuta anayenipigia simu kuniambia leo tumepungukiwa debe moja kabla mimi sijauliza.

AbuNyamwezi

Assalamu alaykum. Niko Tabora mjini, nilisoma chuo kisiwa cha Java, Indonesia, na huko nilizungukia shule za bweni za Kiislamu wanazoziita pesantren. Mzazi wa Kasulu, hili linakuhusu na wewe.

Mojawapo kubwa inaitwa Gontor, iko Ponorogo, Java Mashariki, ilianzishwa mwaka 1926 na ndugu watatu wa familia moja. Wanafunzi wa madarasa ya juu ndio wanaoendesha maisha ya kila siku: duka la ushirika, kantini, usafi, ulinzi, lugha, mazoezi ya kuhutubia. Msemo wao wanaufundisha tangu mtoto anaingia, kwamba awe tayari kuongoza na awe radhi kuongozwa. Mwisho wa mwaka viongozi wanaotoka wanasimama mbele ya wenzao na kutoa hesabu ya idara zao, ukurasa kwa ukurasa. Na masomo hayajafa: kutoka hapo wamepatikana maulamaa, wahadhiri na mawaziri, na wahitimu wake wamekwenda kufungua shule nyingine nchi nzima. Mwenye duka mkononi anajifunza pia hesabu.

Lakini niwe mkweli, maana tusichukue asali tukaacha nyuki. Mwaka 2022 mwanafunzi mmoja wa Gontor alifariki baada ya kupigwa na wanafunzi waliomzidi, kisa vifaa vya kambi vilivyopotea au kuharibika. Shule yenyewe ilikiri hadharani, na waliohusika wakafikishwa kwenye sheria. Nchi nzima ilitikisika. Shule yenye karibu miaka mia, yenye mfumo ambao wengi wanauiga, na bado pale mkubwa alipojipa haki ya kumwadhibu mdogo, mtoto alirudi kwao kwenye jeneza. Ustadh, Jumamosi ukisimama sema hilo. Kazi wapewe yote, hata duka. Mkono wa kuadhibu usiwemo kabisa, hata huo wa "kidogo".

Maalim_Gongoni

Mmezungumza kazi, mimi nirudi nyuma kwenye kuchagua.

Shule nyingi siku hizi zinafanya kampeni: mabango, ahadi, vijana wanagawiwa pipi usiku wa kupiga kura. Kisha tunashangaa kiongozi aliyenunua cheo anakifanyia biashara. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia sahaba wake Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, kwani akipewa kwa kuuomba ataachiwa peke yake nao, na akipewa bila kuuomba atasaidiwa. Hadithi iko kwenye vitabu vya Bukhari na Muslim. Na sahaba Abu Dharr, mcha Mungu kiasi kile, alipoomba kazi aliambiwa kwamba yeye ni dhaifu na kazi ile ni amana, na Siku ya Kiyama ni fedheha na majuto ila kwa aliyeichukua kwa haki yake akaitekeleza. Hapo Ustadh ndipo kosa letu la kawaida lilipo, tunamwangalia nani amehifadhi juzuu nyingi tunampa uamiri. Kuhifadhi ni fadhila kubwa, lakini uamiri unataka na mengine.

Najua mtaniletea aya ya Nabii Yusuf, Sura Yusuf aya ya 55, alipomwambia mfalme amweke juu ya hazina za nchi. Ni kweli, na wanazuoni wamelieleza: alikuwa anajua anachokiweza, na njaa ilikuwa inakuja. Alisema kwamba ni mtunzaji na mjuzi. Alijitaja kwa kazi. Basi kijana anayetaka asimame aseme "mimi naijua stoo, nimepima na dada au kaka wa zamu", hilo halina ubaya. Mabango na pipi ndivyo viondoke.

Na kabla ya kupiga kura, waulizeni mpishi na mlinzi wa getini. Mwalimu anamwona mwanafunzi akiwa mbele ya mwalimu. Mlinzi anamwona saa nne usiku.

Mlezi_Ujiji

Allah awalipe nyote. Shikamoo Bi Mkubwa, nimeyasoma maneno yako nikamsomea na mke wangu.

Maalim, la mpishi na mlinzi nalichukua kama lilivyo. Na limenikumbusha kijana mmoja. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, dagaa waliadimika na bei ikapanda, jikoni tukabaki na maharage mfululizo. Bwalo likaanza kuchafuka, sahani zinagongwa, wanasema pesa ya dagaa inaliwa. Kijana wa chakula, hakuwa hata miongoni mwa wanaong'ara darasani, alimwomba mpishi ampeleke sokoni siku ya Jumamosi. Akarudi na bei ameziandika kwenye karatasi, kisado cha dagaa kabla ya ziwa kufungwa na kisado siku ile. Usiku akasimama bwaloni akasoma, akaeleza kwa nini serikali imefunga, samaki wapate kuzaliana na kukua, akakaa akala maharage yake. Kelele zilipungua kuanzia usiku ule. Na ukitazama, alifanya kile anachokisema Bi Mkubwa, alileta kitu cha kuhesabika.

Wasiwasi wangu mkubwa sasa si vijana, ni sisi walimu. Nikimpa kijana ufunguo, mwalimu wa zamu atapita kesho amwambie "fungua nichukue sukari" na kijana atafungua, atakataaje? Nimekuwa nikikitafakari kisa cha Usama bin Zayd. Alikuwa kijana wa miaka kama kumi na minane, Mtume akamweka juu ya jeshi lenye wazee na masahaba wakubwa, watu wakanung'unika kwa udogo wake, na Mtume akawakemea. Mtume alipofariki Abu Bakr akalituma jeshi lilelile. Akatoka kulisindikiza kwa miguu, Usama yuko juu ya mnyama wake. Usama akataka ashuke, Abu Bakr akakataa. Kisha Abu Bakr, khalifa wa Waislamu wote, akamwomba kijana yule ruhusa amwachie Umar abaki Madina kumsaidia. Angeweza kumchukua tu Umar, nani angemzuia? Aliomba.

Jumamosi nataka nikisome kisa hiki kikaoni, na nimwombe mkuu wa shule awe wa kwanza kwenda stoo na kuomba kwa kijana, asaini kwenye leja kama mtu mwingine. Akikubali hilo, hakuna mwalimu atakayechukua sukari kwa kusema tu. Bi Mkubwa, kwenu mlifanyaje? Na zile koki tatu, nazo nitazihesabuje?

Mzazi_Kasulu

Nimesoma yote. Hilo la Java limenishtua, sitaficha. Ustadh, basi fimbo ya viranja iacheni. Lakini la muda wa kusoma bado.

BiMkubwa_Isevya

Mzazi mwenzangu, kazi ya stoo kwetu ilichukua muda wa kati ya Alasiri na Magharibi, wakati ambao wenzake wako uwanjani au wanafua. Prepo haikuguswa. Na kila idara ilikuwa na wawili, mmoja wa kidato cha tatu na mmoja wa cha pili, mwenye jaribio kesho anamwachia mwenziwe. Kidato cha nne hawakushika kitu tangu walipokabidhi. Akija nyumbani likizo mpe akuhesabie magunia, utaona mwenyewe kama muda ulipotea.

Mlezi, kwetu kulikuwa na sheria moja iliyobandikwa mlangoni mwa stoo kwa maandishi makubwa, imesainiwa na mkuu: hakitoki kitu bila saini ya anayekichukua, awe nani. Msichana hakuhitaji kumkatalia mtu mzima, alikuwa anamgeuzia leja na kumpa kalamu. Wengi walikumbuka kwamba sukari hawana haja nayo. Mkuu asipokubali kuisaini karatasi hiyo, usimpe kijana ufunguo, maana utakuwa umemtupa.

Koki ni hivi. Usiweke kiranja wa kusimamia foleni, weka wa ndoo. Ndoo za chumba zipigwe namba kwa rangi, chumba cha kwanza namba moja mpaka mwisho, na zijazwe usiku baada ya prepo, si asubuhi, wakati koki hazina mtu. Kila chumba kitoe wawili wa kuchota kwa zamu, na viranja wamo kwenye zamu kama wengine, jina lao liwe la kwanza kwenye orodha wiki ya kwanza. Asubuhi kijana wa maji anahesabu ndoo zilizojaa na zilizo tupu, anaandika. Kazi yake imeisha. Na huyo mwenye ndoo mbili na sauti nzuri, ningekuwa mimi ndiye ningemchagua awe kijana wa maji, na njuka yule awe mwenye kushika kalamu wiki ya kwanza. Mwite kwanza umweleze faraghani, usimwaibishe.

Daftari la kaunta kubwa linatosha kwa leja, safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na nafasi ya saini mbili. Mizani nunueni ya kutundika, na kabla ya kuinunua ipimeni kwa mfuko wa sukari wa kilo moja ambao haujafunguliwa. Ukimaliza kikao Jumamosi niandikie hapahapa mkuu amesemaje.